Restora ya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, Goma
Jamani sambaza za hapa hazina mpinzani, wanakaanga ukiwa unaangalia, zinakuja kavu za moto na bugali ya muhogo, sombe (majani ya muhogo) nayo imeiva vizuri kabisa. Bei imepanda ila simlaumu mama mwenye restora, tangu waasi wa M23 waingie mji Januari 2025 benki zilifunga, kesh ikawa shida, uwanja wa ndege nao ukasimama, kwa hiyo wanapenda ulipe kwa simu. Kilichonigusa zaidi ni wafanyakazi, Mhunde, Mnande, Mtutsi na Mhutu jiko moja wanaitana dada na kaka, wakati huko nje mtu anaogopwa kwa sura yake tu!! Hii chuki wakubwa wanaitumia, wataalamu wa UN wameandika mara nyingi kwamba Rwanda inawasaidia M23 ingawa Kigali wanakataa, Kinshasa nao wanawapa silaha Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23, Marekani wanataka madini, na siku mkataba wa amani wa Congo na Rwanda unasainiwa Washington, 27 Juni 2025, migodi ya Rubaya kule Masisi, yenye koltani, madini ya kutengenezea simu, ilikuwa mikononi mwa M23. Inauma sana. Mchana wanachelewa kuleta chakula, nenda kabla ya saa sita. Nyota nne.