Kioo cha milimita 10 au 12 kwa tangi lisilo na fremu

Tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 60 hubeba lita 360. Kinachosukuma kioo ni kina cha maji, si wingi wake. Kioo cha 10 kitasimama, lakini bila fremu ya juu ukuta mrefu huvimba katikati, takriban mara 1.7 kuliko wa 12, na gundi ya silikoni ya pembeni huvutwa usiku na mchana mpaka iachie. Kiwango cha usalama, yaani nguvu ya kioo ni mara ngapi ya mzigo wake, hushuka chini ya 3. Kwa 12 hufika kama 4. Kwa sebule yenye watoto, hapa Kigoma au popote, chukua 12.

Kimo kikiwa 45, cha 10 kinatosha kabisa. Mulika kingo kwa tochi kabla ya kulipa: mahali palipomeguka, hata padogo kama punje ya mchele, ndipo ufa huanzia.