Usinunue Kamera Nyingine Kabla ya Kusoma Hiki: Vitabu vya Filamu za Bajeti Ndogo

Haya wadau, karibuni tena. Mezani leo hakuna boksi la kufungua. Hakuna kamera, hakuna taa. Kuna vitabu. Ndiyo, vitabu, usikimbie! Kwenye rundo hili kuna kimoja chenye njia ya kurekodi sauti ya mazungumzo ambayo nitaifanya hapa hapa, mbele yenu, kwa simu mbili na waya mmoja wa kusikilizia. Ukiipata hiyo, sehemu kubwa ya aibu ya filamu zetu za kwanza imekwisha.

Maana swali kwenye komenti ni lile lile kila wiki: nina simu, nina marafiki wanne, nianze na kitabu gani?

Anza na hiki. Rebel Without a Crew, cha mwongozaji filamu Robert Rodriguez, kilitoka 1995. Ni shajara ya namna alivyotengeneza El Mariachi, filamu yake ndefu ya kwanza. Hadithi ya dola 7,000 na kujitoa kufanyiwa majaribio ya dawa ili apate hela mnaijua, siirudii. Ila niweke jambo moja sawa, maana kuna chaneli zinasoma jalada la nyuma tu halafu zinawadanganya watu. Dola 7,000 ndizo zilizomfikisha kwenye filamu iliyohaririwa kwenye video. Studio ya Columbia walipoinunua, walitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kuiandaa iingie kwenye majumba ya sinema. Na sehemu kubwa ya ile 7,000 ilikwenda kwenye mikanda ya filamu na kuisafisha maabara, gharama ambayo wewe mwenye simu huna. Kwa hiyo usijilinganishe naye shilingi kwa shilingi.

Cha kuiga ni namna alivyoandika skripti. Hakuanza na hadithi akaenda kutafuta vitu, alianza na vitu. Rafiki yake alikuwa na shamba, ndugu wa huyo rafiki wana baa, wana mabasi, kuna mbwa mkali, kuna kobe. Vyote vikaingia. Fanya hivyo hivyo leo jioni: chukua karatasi, andika kila mahali unapoweza kupiga picha bure kwa saa sita bila kufukuzwa. Duka la mjomba, banda la kuku, bajaji ya jirani, darasa siku ya Jumamosi. Halafu ndiyo uandike. Ukianza na helikopta, skripti itabaki kwenye droo.

Sasa sauti. Nasogeza kamera, mnaona meza? Vizuri.

Kamera aliyotumia Rodriguez, Arriflex ya milimita 16, ilikuwa inanguruma kama cherehani. Ukirekodi sauti huku inazunguka, unaisikia kamera kuliko mwigizaji. Yeye akapiga picha kwanza, akazima kamera, akasogeza maiki karibu na mdomo, waigizaji wakarudia maneno yao pale pale kwenye kinasa cha kaseti. Nyumbani akapanga sauti juu ya picha kwa mkono. Mdomo ukianza kupishana na sauti, anakata aonyeshe uso wa mwingine, au mbwa. Ule ukataji wa haraka ambao watu wanausifu kuwa ni mtindo, kwa sehemu kubwa umezaliwa hapo.

Simu yako hainungurumi, lakini nje kuna bodaboda, jenereta, spika ya muuza vocha. Tatizo ni lile lile, na dawa ni ile ile.

Tuseme tukio letu ni mwenye duka na mteja anayedaiwa. Simu ya kwanza iko kwenye stendi, inapiga picha. Iache irekodi na sauti pia, mbovu hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo kielelezo chako cha kupangia baadaye. Umeridhika na picha? Sema kata, lakini mwigizaji asiondoke aliposimama. Usiseme "tutarudia sauti kesho." Kesho koo ni jingine, hasira ni nyingine.

Simu ya pili: iweke kwenye hali ya ndege, fungua programu ya kurekodi, chagua WAV (faili la sauti isiyobanwa), kilohezi 48 kama ipo. Shika simu sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Siyo mbele ya mdomo! Sikiliza, naiweka mbele: "Pole, baba." Umesikia ule mpasuko kwenye P na B? Ni pumzi inapiga maiki, na kuuondoa baadaye ni kazi ngumu. Sasa naishusha usawa wa kidevu, naipeleka pembeni kidogo: "Pole, baba." Umeona tofauti? Sijagusa kitu kingine.

Mwigizaji mpe kisikilizio kwenye sikio moja, mchezee mstari wake kutoka kwenye ile picha, kisha auseme papo hapo. Mstari mmoja mmoja, kila mmoja mara tatu. Mstari mrefu uvunje pale anapovuta pumzi. Makosa yanayotokea hapa ni mawili. La kwanza, mtu akiona maiki iko karibu anaanza kunong'ona. Mwambie amwangalie mwenzake, na mwenzake abaki palepale alipokuwa, hatua tatu mbali, aseme kumfikia yeye. La pili, anasoma badala ya kugombana. Basi mwenzake amjibu kweli, na sauti ya mwenzake utaitupa.

Mkimaliza, wote mnyamaze sekunde 30, rekodi chumba kitupu. Hiyo utaitandaza chini ya maneno ili sauti isikatike ghafla kati ya mstari na mstari. Feni zima, friji zima. Na ufunguo wa gari au wa nyumba uweke ndani ya friji, la sivyo utaondoka umesahau kuiwasha, samaki wa watu waoze.

Kwenye kuhariri, usipange kwa irabu. Tafuta M, B na P, pale midomo inapofunga. Kiswahili kimetubariki: "mama", "pembe", "ubabaishaji", midomo inafunga kila wakati. Ukioanisha hizo, jicho linakubali hata kama katikati kuna kupishana kidogo. Pasipokubali kabisa, kata kwenda kwa msikilizaji. Ndiyo maana kabla ya kufunga vifaa unapiga picha za sekunde 10 za mikono, daftari la madeni, na mteja anayemeza mate. Bila hizo huna pa kukimbilia.

Kitu kimoja ambacho Rodriguez hakukutana nacho: simu nyingi hazirekodi fremu, zile picha moja moja zinazounda video, kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, fremu nazo zinapungua. Matokeo yake, klipu ya dakika tano unaipanga vizuri mwanzoni, mwishoni midomo na sauti vimeachana. Kabla ya kuhariri, pitisha klipu kwenye programu ya HandBrake, ni ya bure, chagua mwendo usiobadilika, fremu 25 kwa sekunde. Imekwisha.

Hapo ndipo kitabu hiki kinapata pesa yangu. Kasoro yake? Ule ujasiri wa kupiga picha barabarani bila kuuliza mtu. Bongo unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, Kenya kuna leseni ya KFCB, bodi yao ya kuainisha filamu. Usije kuniambia kitabu ndicho kilikutuma.

Kabla sijaendelea, tangazo fupi: mfululizo wa taa za bei rahisi unarudi, na safari hii tutapima, siyo kubahatisha kwa macho. Kengele ipo hapo chini, unajua kazi yake.

Skripti sasa, na hapa naanza kukasirika. Save the Cat!, cha Blake Snyder, 2005. Kitabu hiki kimefanya watu wahesabu kurasa kuliko kuhesabu waigizaji. Mapigo 15, yaani hatua kuu za hadithi, kwenye skripti ya kurasa 110: kichocheo ukurasa wa 12, kuingia sehemu ya pili ukurasa wa 25, katikati 55, kila kitu kimepotea 75, kuingia sehemu ya tatu 85. Kwa studio ya Marekani, sawa. Wewe unapiga filamu ya dakika kumi! Punguza: kichocheo kinaangukia mwanzo wa ukurasa wa pili, katikati ukurasa wa tano, balaa kubwa kabla ukurasa wa saba haujaisha. Kurasa mbili na robo za kwanza, kwa kufuata sheria hiyo, mhusika bado anasita aingie au asiingie. Kwenye filamu fupi ni uvivu. Mwingize kwenye balaa kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

Lakini... ngoja. Kuna ule ubao wake wa kupangia hadithi. Kadi 40, safu nne, kila kadi ni tukio moja, na ina alama mbili chini: moja ya hisia inayogeuka kutoka chanya kwenda hasi au kinyume chake, nyingine ya nani anagongana na nani. Hicho ni kifaa cha kweli. Chukua tukio letu la dukani: mteja anaingia akitabasamu, anatoka amedhalilika; mwenye duka anataka pesa, mteja anataka muda. Kadi imejaa. Sasa chukua lile tukio lako la mtu anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai. Jaza alama, nakusubiri. Huwezi. Lifute, umeokoa nusu siku ya kupiga picha. Kwa hiyo nilivyokuwa nataka kusema usikinunue, sasa nasema kiazime. Soma sura ya ubao, rudisha.

Screenplay cha Syd Field, cha 1979, ndicho babu wa haya yote. Ukishasoma kimoja kati ya hivyo viwili, kingine utaona unakijua. Kwa mpangilio wa ukurasa, The Screenwriter's Bible cha David Trottier, kwisha.

Ila kuna jambo ambalo waandishi hawa hawakulifikiria, kwa sababu wako Marekani na wewe huko hupo. Wanasema ukurasa mmoja ni dakika moja. Ukurasa wao ni karatasi ya Letter, urefu milimita 279. Sisi tunachapa kwenye A4, milimita 297. Kwa herufi za Courier 12, hiyo tofauti ni mistari minne kila ukurasa. Skripti yako ya kurasa 90 kwenye A4 ni karibu kurasa 97 za kwao. Unapanga filamu ya saa moja na nusu, unaishia na dakika saba zisizo na bajeti. Ongeza ukingo wa chini kwa milimita 18, hesabu inarudi mahali pake.

Na umeme. Wao ni hezi 60, sisi ni 50. Taa zetu za mrija na LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ikiwa 1/50 ya sekunde inameza mapepeso mawili kamili, picha inatulia. Shata ya 1/60 inameza moja na kipande, ndiyo ile mistari inayopanda ukutani kwenye video zenu. Fremu 25, shata 1/50, na hapo usiulize kitabu.

Programu ya kuandikia usinunue. Kuna mfumo wa Fountain, wa bure, unaandika maandishi ya kawaida hata kwenye simu na programu inapanga ukurasa yenyewe. Mmoja wa walioubuni ni Stu Maschwitz, yule yule wa The DV Rebel's Guide, kitabu cha 2006 ambacho ni kizuri kwa mapigano na milipuko ya bei poa, ingawa sura za programu zimechakaa. Tatizo la Fountain ni kwamba inatambua INT na EXT, haitambui NDANI na NJE. Suluhisho ni nukta. Andika nukta, kisha NDANI. DUKANI - USIKU, bila nafasi baada ya ile nukta ya mwanzo. Inakubali kuwa ni kichwa cha tukio.

Cha mwisho kununua, narudia, kununua: In the Blink of an Eye cha mhariri wa filamu Walter Murch. Chembamba hivi, mnaona? Na bei yake haijui kwamba ni chembamba. Lakini kuna ile orodha yake ya sababu za kukata: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, jicho la mtazamaji liko wapi 7, kisha mambo ya bapa la skrini (kulia au kushoto kwa picha) 5 na nafasi ya chumba (nani na nini viko wapi) 4. Maana yake ni kwamba kikombe kikiwa mkono wa kulia kisha kikahamia kushoto, lakini uso umepatia, chagua uso. Wanaoediti huku kwetu wanafanya kinyume, wanaokoa kikombe, wanatupa machozi.

Digital Film-Making cha Mike Figgis, 2007, kidogo na kitamu, ila soma mwishoni kama hela imebaki.

Kuhusu bei: kabla ya kubonyeza kuagiza, angalia gharama ya kusafirisha, mara nyingine inakaribia bei ya kitabu chenyewe. Agizeni watu wanne mzigo mmoja. Cha Murch na Rodriguez hata kwenye simu vinasomeka. Cha Trottier chukua cha karatasi, kwa sababu kwenye skrini ndogo mifano ya kurasa inavurugika, na mifano hiyo ndiyo unayoilipia. Na zile PDF za kwenye magrupu msinitumie tena, nusu yake kurasa hazipo.

Niandikieni hapo chini orodha ya vitu vyenu vya bure, lile zoezi la shamba na kobe. Nitachukua moja, na video ijayo tunaijengea tukio la kurasa tatu.