Uzoefu wangu wa kuchagua kidhibiti cha breki za umeme za trela: Tekonsha Prodigy P3

Ninavuta trela ya jikoni yenye ekseli mbili nyuma ya Toyota Sequoia, hapa Aurora, Colorado, na sehemu kubwa ya kazi yetu ya kupika pilau na mishikaki kwenye sherehe iko ng'ambo ya milima, katika miji midogo kama Silverthorne na Frisco. Barabara ya kwenda huko ni I-70, ambayo hupanda kutoka Denver, iliyo kwenye mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hadi handaki la Eisenhower kwenye takriban mita 3,400, kisha huteremka kuelekea Silverthorne kwa mwinamo unaofika asilimia 7. Matangi ya maji yakiwa yamejaa na mitungi ya gesi, majiko na vyakula vikiwa ndani, trela hufika karibu pauni 5,000, yaani kilo 2,270 hivi. Mzigo huo haufai kuachiwa breki za gari peke yake, na sheria nayo hairuhusu: majimbo mengi ya Marekani hudai trela iwe na breki zake kuanzia pauni 3,000, ingawa Texas huanzia pauni 4,500.

Trela yenyewe tuliinunua ikiwa na breki za umeme kwenye magurudumu yote manne, lakini gari halikuwa na kidhibiti, na bila kidhibiti breki hizo hazifanyi kazi yoyote unapokanyaga pedali. Nilichukua muda mrefu kuchagua, na ninaandika haya kwa sababu Waswahili wengi ninaowafahamu huku sasa wanavuta trela za jikoni, za kukata nyasi na za kuhamisha vyombo vya nyumbani, na maelezo ya jambo hili kwa lugha yetu ni haba.

Ni vizuri kujua kwanza kinachotokea gurudumuni. Ndani ya kila dramu ya breki, yaani kile kikombe cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu, kuna sumaku inayopata umeme kutoka garini. Ikipata umeme hujibandika kwenye uso wa dramu inayozunguka, ikaburutwa nayo kidogo, na mkono ulioishika ukavisukuma viatu vya breki vibane dramu kutoka ndani. Umeme ukiwa mdogo, sumaku hushika kwa ulegevu. Ukiongezwa, hushika kwa nguvu. Kidhibiti ndicho kinachoamua umeme kiasi gani uende kwenye sumaku na uende lini, kwa hiyo mtu anayechagua kidhibiti anachagua jinsi trela nzima itakavyokuwa nyuma yake kila anapopunguza mwendo.

Kuna aina mbili kubwa. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya bei nafuu, hupokea habari moja tu kutoka garini: kwamba taa za breki zimewaka. Kuanzia hapo hupandisha umeme hatua kwa hatua mpaka kiwango kilichopangwa, iwe umeigusa pedali taratibu kwenye foleni au umeikanyaga kwa nguvu zako zote kwa sababu mtoto amekatiza barabara. Niliwahi kuendesha gari la rafiki yangu lenye kidhibiti cha namna hiyo. Kwenye foleni trela ilikuwa ikilivuta gari nyuma kwa kishindo hata pale nilipotaka kupunguza mwendo kidogo tu, na nilipofunga breki ghafla nilihisi ikinisukuma kabla ya breki zake kuamka. Kwa trela nyepesi inayotembea mitaani tambarare mtu anaweza kuvumilia. Kwa I-70 siwezi kumshauri mtu yeyote.

Aina ya pili ina kifaa ndani yake kinachopima jinsi gari linavyopungua mwendo hasa, na hupeleka umeme kwa kadiri hiyo. Ukigusa pedali kidogo, trela hushika kidogo. Ukikanyaga sana, hushika sana na kwa wakati uleule. Hii ndiyo aina niliyoamua kuinunua, na maswali yaliyobaki yakawa kuhusu kufunga, kupanga na kukitumia kifaa mkono ukiwa kwenye usukani.

Vitatu ndivyo nilivyovilinganisha kwa makini. Curt Echo huchomekwa nyuma ya gari, kati ya soketi ya umeme ya pini saba na plagi ya trela, bila kukata waya hata mmoja, na hupangwa kwa programu ya simu kupitia Bluetooth. Ni suluhisho zuri kwa mwenye trela moja na magari kadhaa, au anayekodi gari na hana ruhusa ya kutoboa dashibodi. Kilichonizuia ni kwamba breki ya dharura ya trela, ile ya kuibonyeza kwa mkono bila kugusa pedali, iko kwenye kioo cha simu, na mimi sitaki kutafuta alama kwenye kioo wakati trela inayumba. Redarc Tow-Pro Elite, ya Australia, ina kitufe kimoja tu cha kuzungusha kinachoonekana kwenye dashibodi, huku sanduku lake likifichwa kwingine. Ukikibonyeza kitufe hicho trela hushika breki. Nilikipenda sana, lakini kinahitaji kutoboa tundu kwenye dashibodi na kazi ndefu zaidi ya fundi. Cha tatu kilikuwa Prodigy P3 ya Tekonsha, inayohudumia trela ya ekseli moja hadi nne, yenye skrini inayosomeka vizuri na mkono wa dharura unaoweza kuupata kwa kupapasa. Nikanunua hicho, kwa bei iliyokuwa chini ya dola 200 pamoja na waya wake wa kuunganishia.

Waya huo ndio ulionirahisishia kazi. Sequoia ina plagi ya kidhibiti iliyoachwa tayari chini ya dashibodi tangu kiwandani, na pikapu nyingi za hapa ni vivyo hivyo, ili mradi ununue waya wa modeli ya gari lako. Gari lisilo na plagi hiyo litahitaji nyaya nne ziunganishwe moja moja: nyeusi kwenda chanya ya betri kupitia kikata umeme cha ampea 20 kwa ekseli moja au mbili, na cha ampea 30 kwa tatu au nne, nyeupe kwenda hasi, nyekundu kwenye swichi ya taa za breki, upande unaopata umeme pale tu pedali inapokanyagwa, na buluu hadi soketi ya nyuma. Ile nyeupe isifungwe kwenye bati lolote lililo karibu. Ipelekwe kwenye hasi ya betri yenyewe, kwa sababu muunganisho dhaifu hapo huwafanya watu wavilaumu vifaa vizima.

Mahali pa kukifunga panataka fikra. P3 inakubali kuinamishwa mbele au nyuma, lakini lazima ielekee sawasawa na mwendo wa gari, isikae upande, ndipo ipime ipasavyo. Zaidi ya hayo, magari mengi ya sasa yana mfuko wa hewa wa kulinda magoti ya dereva, nao hutokea palepale ambapo mkono wa fundi huona nafasi nzuri. Yangu imefungwa kulia kwa usukani, karibu na kiweko cha katikati, mbali na mfuko huo, na mkono wa dharura naufikia bila kuinama.

Breki za trela zikiwa mpya, viatu vyake havijakaa vizuri kwenye dramu, na kidhibiti chochote utakachofunga kitaonekana kibovu. Dexter, watengenezaji wa ekseli, huelekeza breki mpya zifungwe mara nyingi kwa upole, kila mara mwendo ukishuka kutoka maili 40 kwa saa hadi 20, kisha zikazwe upya baada ya maili 200 za kwanza na tena kila maili 3,000. Nilifanya hivyo kabla ya kugusa mipangilio. Baada yake nikatafuta eneo tambarare na kavu, nikaendesha kwa maili 25 kwa saa, nikausukuma mkono wa dharura bila kukanyaga pedali, nikiongeza nguvu kidogo kidogo hadi magurudumu ya trela yakaribie kujifunga, kisha nikarudisha nyuma hatua moja. Matangi yakiwa yamejaa, nguvu niliyoipanga hukaa karibu na volti 6. Tukirudi baada ya kumwaga maji na kugawa chakula, naishusha hadi 5 hivi. Badiliko hilo huchukua sekunde chache, na kwa mtu ambaye mzigo wake hubadilika kila safari, hilo ni jambo kubwa kuliko mapambo yote ya skrini.

Kwenye mteremko wa kutoka handakini hadi Silverthorne ndipo nilipoona thamani yake. Naweka gia ya chini kabla mteremko haujaanza, injini inabeba kazi kubwa, nami nafunga breki kwa vipindi vifupi ili dramu zipate kupoa. Kila kipindi trela hushika pamoja na gari, bila kunisukuma na bila kunivuta. Kidhibiti hakichukui nafasi ya gia. Dramu zilizochemka hupoteza nguvu hata umeme ukiwa umejaa. Upepo wa ubavuni nao ni mkali upande wa mashariki wa milima, na trela ya jikoni ni ndefu kwenda juu. Ikianza kuyumba, naachia mafuta na kuusukuma mkono wa dharura kwa upole, na trela hunyooka yenyewe kwa sababu inavutwa nyuma badala ya kulisukuma gari. Kwa jambo hili moja ningelipa bei ile mara mbili.

Kitu ambacho sikukitarajia ni msaada wa skrini katika kutafuta hitilafu. P3 huonyesha volti za betri, volti zinazokwenda kwenye breki, na hata ampea. Kila sumaku ya breki za ukubwa wangu hula takriban ampea 3 umeme ukiwa umejaa, hivyo nne zinapaswa kula karibu 12. Siku moja nikiwa nimesimama na nimepandisha nguvu hadi juu kabisa, niliona 9. Tulifuatilia nyaya tukakuta ule unaopita ndani ya bomba la ekseli kwenda gurudumu la upande wa pili umesuguliwa na kingo za tundu hadi ukakatika. Barabarani nisingeweza kuihisi tofauti hiyo kwa mguu, na gurudumu moja lingeendelea kuzunguka bila breki.

Yapo yasiyonifurahisha. Vitufe vya menyu ni vidogo, na wakati wa baridi vidole vilivyovaa glavu hubonyeza viwili kwa pamoja. Sanduku lenyewe ni kubwa, na abiria anayeingia kwa haraka anaweza kuligonga. Kile kiwango cha kuongeza nguvu ya mwanzo, ambacho kimekusudiwa trela iliyo nzito ikilinganishwa na gari, nilikijaribu na kukizima, kwa kuwa kwa uzito wangu kilifanya trela iwahi mno kushika kwenye foleni.

Kwa mwenye trela ndogo ya ekseli moja na fedha kidogo, Primus IQ ya kampuni hiyohiyo hupima mwendo kwa namna ileile, inahudumia hadi ekseli tatu, na bei yake ni nafuu zaidi. Atakachokosa hasa ni zile taarifa za skrini. Anayebadilisha magari mara kwa mara achukue Echo. Na anayenunua pikapu mpya ya Ford, Ram au Chevrolet kwa ajili ya kuvuta, aulize kama ina kidhibiti kilichojengewa ndani, maana hicho huzungumza moja kwa moja na mfumo wa breki za gari, na hakuna cha kufunga karibu na goti.

Swichi ya dharura ya trela, ile yenye pini inayochomoka trela ikiachana na gari, haitegemei kidhibiti chochote kati ya hivi. Hutumia betri ndogo iliyo kwenye trela yenyewe. Kabla ya safari ya milimani ninachomoa plagi ya pini saba, navuta ile pini, na kujaribu kulisogeza gari mbele taratibu. Magurudumu ya trela yakizunguka badala ya kujifunga, betri hiyo huchajiwa au kubadilishwa siku hiyohiyo.