Unga wa kitosani kwa ng'onda: unapofaa na unaposhindwa

Kati ya tando za kulika zinazopakwa samaki mkavu, kitosani ndiyo inayosifiwa zaidi. Sifa nyingi inazistahili, chache zimepitiliza. Hutokana na maganda ya kamba na kaa, kwa hiyo anayeuza samaki waliopakwa lazima aandike hivyo kwenye lebo, maana wapo wanaodhurika na samakigamba.

Kwenye pakiti tafuta kiwango cha kuondolewa asetili, yaani asilimia ya vikundi vya kemikali vya asetili vilivyoondolewa unga ulipotengenezwa. Chukua wa 85% kwenda juu. Kadiri kiwango kinavyoshuka, ndivyo unga unavyokuwa mgumu kuyeyuka. Pakiti isiyotaja kiwango hicho iache hukohuko dukani.

Maji matupu hayaiyeyushi, inataka asidi. Kwa lita moja changanya siki nyeupe ya 5% mililita 200 na maji mililita 800, kisha nyunyiza gramu 10 za unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiumwaga kwa mkupuo utapata mabonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na hayo ni shida kuyavunja. Lilaze rojo hilo usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia gramu 3 za gliserini ili utando usipasuke samaki akikunjwa. Chombo kiwe cha plastiki au chuma cha pua, kwani siki hula alumini. Rojo lililoiva lina umanjano hafifu na hutiririka kwenye mwiko bila kukatika.

Kwenye kupaka ndiko wengi wanakoharibu. Maelekezo ya kuchovya kwa dakika kadhaa yanafaa samaki mbichi. Mkavu hunywa maji yote hayo. Pangusa kwanza mafuta na punje za chumvi (utando haushiki juu ya mafuta, na chumvi nyingi hulivuruga rojo), paka kwa brashi pande zote, ndani ya tumbo usisahau, kisha mrudishe kwenye chanja penye kivuli na upepo. Mpime kabla ya kupaka, na usimfungashe mpaka uzito urudi karibu na ule wa awali. Kidole hudanganya hapa: ngozi inakuwa imekauka kabisa, kumbe nyama ya chini yake bado ina maji.

Faida kubwa iko kwa samaki wa mafuta. Utando huzuia hewa isiyafikie mafuta, kwa hiyo ule umanjano na harufu kali ya mafuta yaliyoharibika huchelewa. Ukungu nao hupata taabu kuota. Mvuke wa maji, hata hivyo, hupenya utando huu kirahisi. Ghala likiwa na unyevu, samaki atalowa tu, na aliyekaushwa nusunusu ataoza akiwa amevalishwa vizuri. Mbawakavu pia hawaujali. Dawa yao ni kifungashio kisicho na upenyo.

Kwa dagaa, usihangaike. Wanakunywa rojo jingi kupita kiasi na kukauka upya ni kazi.

Tando nyingine nazo zina kasoro zake. Aljineti, inayotokana na mwani, huyeyuka kwenye maji tu, lakini inahitaji kuogeshwa mara ya pili kwenye kloridi ya kalsiamu, yaani unamlowesha samaki mara mbili, nayo yenyewe haiui vijidudu. Jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hulainika kwenye joto na hugeuka chakula cha ukungu. Hiyo hatuipendekezi kabisa.

Rojo lililokwisha kuchovewa brashi ya samaki limwage, usilichanganye na jipya.