Tahadhari: skripti za faiawoli za MikroTik zinazouzwa mtandaoni

Ndugu mafundi na wamiliki wa biashara za Wi-Fi ya vocha, naomba msome haya kabla ya kulipia skripti yoyote (orodha ya amri za kuipanga ruta) ya faiawoli, yaani ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao. Ipo tovuti inayotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambayo humwuliza mteja aina ya ruta yake ya MikroTik na anwani yake ya IP, na akishalipa kwa simu hupewa skripti ndefu ya kunakili na kubandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri za ruta. Jina lake silitaji, kwa kuwa skripti ileile nimeikuta ikiuzwa kwa zaidi ya jina moja, na majina hayo yatabadilika tena.

Mteja wangu mwenye nyumba ya wageni hapa Dar es Salaam aliniita kwa sababu intaneti ilikuwa nzito hata wageni wakiwa wachache. Nilipoisoma skripti aliyouziwa, niliona kwamba sehemu kubwa ni kanuni za kawaida zinazopatikana bure. Lakini juu kabisa ya kanuni za input (zinazohusu mawasiliano yanayoingia kwenye ruta yenyewe) palikuwa na mstari unaoruhusu poti 8291, ambayo ndiyo ya Winbox (programu ya kuidhibiti ruta), kutoka mahali popote duniani. RouterOS, mfumo unaoendesha ruta hizi, husoma kanuni kuanzia juu na kutekeleza ya kwanza inayolingana, hivyo kanuni zote za kuzuia zilizofuata hazikuwa na nguvu juu ya poti hiyo. DNS, huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP, nayo ilikuwa imefunguliwa kwa watu wa nje, na ruta ilishinda ikijibu maswali ya watu wasiojulikana. Uzito wa intaneti ulitoka huko.

Lililonikasirisha zaidi lilikuwa kwenye scheduler, yaani ratiba ya kazi ambazo ruta hujifanyia yenyewe. Kila baada ya saa moja ruta ilitumia amri ya /tool fetch kupakua faili kutoka kwenye seva ya wauzaji na kuliendesha, na faili hilo lilimrudisha mtumiaji mwenye mamlaka kamili ambaye mwenye ruta hakumweka. Ukimfuta asubuhi, kabla ya mchana amerudi. Huyu ni mtu aliyelipa ili afungiwe mlango, akauziwa kufuli ambalo muuzaji amebaki na ufunguo wake.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 2018 udhaifu wa Winbox uliosajiliwa kama CVE-2018-14847 uliwawezesha wahalifu kusoma nywila za ruta, ingawa MikroTik walikuwa wametoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huohuo. Mwaka 2021, ruta zilipotumika katika mashambulizi ya Mēris, mtandao wa vifaa vilivyotekwa na kutumiwa kulemea tovuti, kampuni hiyo ilieleza kwamba ni zilezile zilizovamiwa 2018, na kwamba kusasisha programu pekee hakutoshi ikiwa nywila haikubadilishwa na faiawoli haikukaguliwa. Waliwaelekeza watumiaji waangalie hasa scheduler zenye amri ya fetch.

Sisemi kwamba kila tovuti ya kutengeneza kanuni ni ya kitapeli, lakini hata iliyo ya kweli haijui mtandao wako umepangwaje, na mstari usioweza kuueleza haufai kuingia kwenye ruta yako.

Aliyekwisha kubandika skripti ya namna hii aendeshe /user print, /system scheduler print, /system script print na /ip firewall filter print, kisha asome kila kinachotokea. Akikuta kitu asichokitambua, asihangaike kufuta kimoja kimoja: aisafishe ruta upya kwa Netinstall (programu ya MikroTik ya kusakinisha mfumo wa ruta upya), aweke toleo jipya la RouterOS, na aanze na faiawoli ya kiwandani, ambayo kwenye ruta nyingi ndogo tayari huzuia maunganisho yanayoanzia nje. Asirudishe bakapu iliyotengenezwa baada ya skripti hiyo, kwa kuwa itarudi na kila kitu. Nywila zote zibadilishwe, pamoja na za PPPoE (njia ambayo wateja huingia mtandaoni kwa jina na nywila) na za mfumo wa vocha, kwa maana mtu mwenye mamlaka kamili alikuwa na uwezo wa kuzisoma zote.