Taa ya LED ya kujitengenezea kwa tenki la matumbawe, mwaka na nusu sasa

Nianze na hili kabla sijasahau. Hizi draiva ndogo za Mean Well, LDD-700H, vile vidude vya kulisha LED umeme wa kipimo, waya wa kudimu, yaani wa kupunguza mwanga, ukichomoka taa haizimi, inawaka full. Kwenye karatasi yake wameandika wala hawajaficha, ila nani anasoma karatasi.

Niko Minnesota, tenki langu galoni 40, maji ya chumvi, lipo sebuleni na wife keshalizoea. Taa ya kwanza nilinunua dukani, jina naliacha, swichi mbili tu, bluu na nyeupe, basi saa nne asubuhi pa! kumekucha, samaki wanakimbilia mawe kama mgambo kaingia sokoni, usiku nao pa! giza. Nikasema bora nitengeneze yangu, iwake taratibu kama jua linavyochomoza.

Nimetumia LED 36 za Cree, 24 royal blue na 12 nyeupe, nimezipanga mistari mitatu ya 12 na kila mstari draiva yake. LED moja inakula volti 3.2 hivi, mara 12 ni 38 na ushee, na LDD inataka umeme unaoingia uzidi unaotoka, kwa hiyo pawa saplai ya volti 48 inatosha bila presha. Kila mstari ni kama wati 27, zote tatu 80 hivi. Gharama yote kama dola 180, na draiva zenyewe ni za bei nafuu.

Kazi ngumu ni kusolda. Viungo 72 jamani! Na ukosee kama mimi, ubandike LED kwanza kwenye bamba la alumini halafu ndo usolde, alumini inanyonya moto wote, solda inakaa juu kama uji uliopoa, haikamati. Nikabandua nikaanza upya, nikazisolda mezani kwanza nikaacha viungo vya kuunganisha tu. Kabla ya kuwasha pima na mita, viungo vya kila LED visiwe vimegusana na bamba, mimi mbili zilikuwa zimegusana.

Kudimu nimeachia Arduino Uno, kile kikompyuta kidogo cha kuprogramu, na kile kisaa cha DS3231. PWM yake, yaani ule umeme wa kuwasha na kuzima haraka haraka unaodimu taa, inapiga hezi 490, LDD inapokea 100 hadi 1000, kwa hiyo hakuna cha kuongeza katikati. Asubuhi inapanda masaa mawili, jioni inashuka masaa mawili, bluu inatangulia na bluu inamaliza. Hapo ndo nilifurahi kweli, wiki nzima nakaa na chai yangu naangalia tenki linaamka.

Sasa balaa. Nilikuwa naendesha bluu kwa asilimia 35, siku moja nasafisha kioo nikavuta waya wa PWM bila kujua, tukasafiri wikendi. Siku mbili usiku na mchana bluu iko asilimia 100. Nina matumbawe ya aina tatu, kurudi Montipora imekuwa nyeupe kama chokaa upande wa juu, Zoanthus zimejifunga hazitaki kusikia mtu, Euphyllia ilisalimika kwa sababu ilikuwa kivulini. Matumbawe yanafuga mwani mdogo sana ndani ya nyama yake, ndo unayapikia chakula kwa mwanga, mwanga ukizidi yanaufukuza mpishi yanabaki meupe na njaa. Nikaweka rezista ya kiloomu 10 kutoka waya wa PWM kwenda hasi kwenye kila draiva, sasa waya ukichomoka taa inazima. Fanya hivyo siku ya kwanza, usisubiri kama mimi. Na ukiwa na taa mpya anza asilimia 20, panda kidogo kidogo wiki hadi wiki, macho yako yatakudanganya, asilimia 50 unaiona kama imewaka yote.

Kasoro zipo. Chini kabisa haishuki laini, Arduino ina ngazi 255 tu kwa hiyo zile za mwisho mwisho unaona inaruka, kama una jicho la kuchagua itakukera. Feni ya kompyuta niliyoweka juu ya bamba ilikula chumvi, ikaanza kulia kama mbu, nimeshabadilisha moja.

Nampa LDD 9 kwa 10, kazi yangu mwenyewe ya kusolda 6. Montipora imerudisha rangi nusu, ile nusu nyingine imeota mwani, na wife kila mgeni akija anamwonyesha hiyo.