Ekstensheni ya njia nne ndani ya kabati, Lamu

Jamani hii ekstensheni naipenda. Nimeifunga ndani ya kijikabati cha zamani nilichokigeuza pa kuchajia simu na kuwekea rauta, mwanzo niliibandika kwa gundi ya pande mbili lakini kwa joto la huku asubuhi naikuta yaning'inia kwa waya wake, wallahi moyo ulinipasuka. Kumbe nyuma ina matundu mawili ya skrubu, nikapima kwa karatasi nikakaza, sasa hata ukichomoa plagi kwa nguvu haitikisiki. Nimetoboa kabati juu na chini hewa ipite. Ila skrubu zake mbovu, chumvi ya hewa ya bahari ishazila, nunua za stenlesi, zile zisizoshika kutu upesi. Na umeme inaobeba mwisho ni ampia 13, kwa hiyo pasi na birika la umeme msichomeke pamoja tafadhalini, zitaizidi.